Msanifu wa Viatu Vyeupe

Ramani aliiona nyumba ile saa nne asubuhi akipita kwa miguu, maana hakuwa na namna nyingine ya kupita. Akasimama. Mtaa mzima ulikuwa na nyumba za kawaida, za bati na madirisha ya nondo, halafu katikati yake ikakaa hii. Paa lilikuwa karibu bapa. Ukuta wa mbele ulikuwa umebomolewa na kuwekwa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Bustani ilikuwa na mawe mapana ya kukanyagia, nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko kichwa cha Ramani, na kidimbwi chenye samaki wanne wanene wasio na kazi. Kwenye geti bado lilining'inia bango la ofisi ya wasanifu majengo walioifanyia ukarabati.

Ng'ambo ya barabara alisimama mzee mmoja mwenye kitambi, mikono nyuma, akiitazama nyumba ile kama mtu anavyotazama sahani ya jirani. Ramani alimtambua. Huyu alikuwa na duka la matairi njia panda, na watu walimwita Mzee Matairi. Kando yake ilisimama pikapu ya bluu inayong'aa.

Ramani akaitazama nyumba. Akamtazama mzee. Akaitazama pikapu. Kichwa chake kikaanza kuunguruma kama jenereta: kelele nyingi, mwanga kidogo.

Jina la Ramani alipewa kwa sababu ya karatasi iliyoviringishwa aliyotembea nayo kwapani. Ilikuwa kalenda ya mwaka juzi. Shule aliiacha darasa la sita, pale yeye na mwalimu wa hesabu walipokubaliana waachane kwa amani. Miaka tisa alipiga plasta, na aliipiga vizuri. Kisha akagundua kwamba kwenye jengo lolote, anayenyoosha kidole analipwa kuliko anayeshika mwiko. Akauweka mwiko chini, akabaki na kidole.

Pikapu ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Mama mkwe wake alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanaume huyu hatamiliki hata toroli. Naye Ramani, ambaye mdomo wake hutangulia na akili ikafuata baadaye kwa miguu, akajibu mbele ya ukoo huohuo kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja kumsalimu kwa gari lake mwenyewe. Zilibaki siku kumi na mbili. Mke wake alikuwa ameacha kumuuliza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Umeipenda, mzee wangu?" akasema, akivuka barabara.

"Kuipenda? Mimi? Nyumba gani hii, kioo kitupu, utadhani duka la miwani." Mzee akaitazama tena. "Nani aliichora?"

Ramani akainamisha macho kama mtu aliyeombwa aimbe.

"Tusitaje majina, mzee. Mimi nilishika penseli tu."

"Wewe?"

"Penseli tu."

Mzee Matairi akamkagua kuanzia juu hadi chini. "Nataka kama hii. Ila kubwa. Na samaki sita."

"Tutakuwekea wanane."

"Na wewe unataka nini?"

"Pesa sitaki kwanza," Ramani akasema. "Pesa huharibu undugu. Msanifu anataka kitu cha kumfikisha kwenye kiwanja, basi." Macho yake yakaenda yenyewe kwenye pikapu.

Mzee akacheka kwa tumbo. "Niingize ndani niione. Nikimkuta mwenye nyumba anakuheshimu, funguo zako."

Kesho yake Ramani alibisha geti akiwa amevaa viatu vyeupe vya ncha, alivyoazima kwa shemeji yake. Viatu vile vilikuwa na mchango mkubwa. Mtu mwenye viatu vyeupe hasemi uongo, kwa sababu angewezaje kutoroka navyo?

Alifungua mwanamke wa makamo, kikombe cha chai mkononi. Majirani walimwita Mama Pacha.

"Natoka ofisi ya wasanifu," Ramani akasema, akionyesha bango kwa kidole chake cha kazi. "Ukaguzi. Nyumba ikishafanyiwa ukarabati tunarudi kuiangalia, kama daktari na mzazi."

"Oo! Hatimaye. Karibu, msanifu, karibu sana."

Sebule ilikuwa pana na ya kweli: mabegi mawili ya shule juu ya kochi, pasi bado ya moto, soksi moja inayomtafuta mwenzake. Ramani akatingisha kichwa kwa uzito. Akaunyooshea kidole mwanga, akausifu. Halafu akafika kwenye ukuta mrefu wa ndani, na hapo akafanya jambo ambalo hakujijua kama analifanya. Akaweka kiganja ukutani, akafumba jicho moja, akakipitisha polepole kutoka mlangoni hadi dirishani.

Mama Pacha akanywa chai.

"Ukuta mzuri," Ramani akasema.

"Sakafu je? Mvua ikinyesha, msanifu, bustani yote inahamia humu ndani. Samaki walikuwa watano. Mmoja tulimkuta chini ya kochi."

Ramani akapiga magoti kwenye kizingiti cha mlango wa kioo, akaona. Waliopamba bustani waliijaza udongo mpaka ikawa juu kuliko sakafu, na kibaraza kiliinamia ndani badala ya nje. Moyo wa fundi ukamuuma. Akajikaza usoni kisanifu.

"Ni jambo dogo."

"Basi ngoja niwapigie simu ofisini walete mafundi." Akaichukua simu mezani.

"Hapana!" Ramani akasema, kwa sauti iliyowashtua hata samaki. "Mama, ukipiga simu watafungua faili. Faili la ofisi yetu likifunguliwa, wajukuu zako watalikuta wazi. Nitashughulikia mwenyewe."

"Na mafundi?"

"Mwenyewe," Ramani akarudia, akijisikia anaanguka shimoni huku akilichimba.

Akalichimba kweli. Siku ya pili alikuwa ndani ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, akitupa udongo kwa koleo. Siku ya nne alivunja kibaraza na kukimwaga upya, kikiinamia nje. Siku ya sita Mama Pacha alisema mawe ya kukanyagia nayo yanayumba. Ramani akasema mawe si kazi ya ofisi. Mama Pacha akaishika simu. Mawe yakawa kazi ya ofisi. Siku ya nane ikawa zamu ya ukuta wa nyuma, uliokuwa na nyufa tangu kabla ya ukarabati.

"Huu hata si wetu, mama!"

"Kweli? Basi niwaulize tu."

"Lete saruji."

Mzee Matairi alikuja kila jioni kusimama ng'ambo.

"Msanifu! Mbona unachimba?"

"Sisi wa kisasa tunaanzia chini, mzee!"

"Na huko chini utatoka lini?"

"Ijumaa! Jumamosi asubuhi uje na funguo!"

Hebu tumtazame mtu huyu kwa haki. Alikimbia kazi ya mwiko, akatunga uongo mkubwa ili asiirudie, na uongo ule ukamrudisha kwenye mwiko bila ujira. Mjinga wa kawaida hawezi kufanya hivyo. Hiyo inataka kipaji.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha, ile ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Ramani na Mama Pacha walisimama ndani ya kioo, wakatazama. Maji yakaja kutoka bustanini, yakafika kibarazani, yakasita kama mgeni aliyekosea mlango, kisha yakageuka na kuteremkia kwenye mfereji. Sakafu ilikaa kavu kabisa. Ramani alijikuta anatabasamu, na kwa dakika nzima hakuikumbuka pikapu.

Jumamosi asubuhi Mzee Matairi alifika na funguo kidoleni. Hakubisha. Alipita getini, akavua viatu, akaingia mpaka jikoni na kufunua sufuria.

"Dada, chai imekwisha?"

Ramani akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Ile pua ilikuwa moja, imegawiwa kwa nyuso mbili.

"Dada?" akasema.

"Kaka yangu, tumbo moja," akasema Mama Pacha. "Kaa, msanifu, utaanguka."

Mzee akajimiminia chai. "Aliyeichora nyumba hii amekula kwenye meza hii mara saba. Mrefu, ana kipara. Uliposema ulishika penseli nilitaka nikuitie polisi. Nikasema, ngoja aingie, dada naye acheke."

"Halafu ukaupapasa ukuta," akasema Mama Pacha. "Msanifu wetu hakuwahi kugusa ukuta hata mara moja, yeye aliutazamia kwenye kompyuta. Lakini baba yetu alikuwa fundi plasta miaka arobaini. Hata kanisani alikuwa anapapasa, jicho moja kalifumba, mama anamfinya. Nikamwambia kaka, huyu si msanifu, huyu ni fundi. Tena wa maana. Usimfukuze, ana kazi hapa."

"Mngeniajiri!"

"Tulitafuta mafundi watatu, wote walitaka kulipwa. Wewe ulichotaka ni tusipige simu tu."

Ramani akaing'ang'ania hiyo kama kamba. "Na kama ungepiga?"

"Ofisi ile ilifungwa zamani. Simu inaita tu, mpaka inachoka. Kwani unadhani bango limebaki getini kwa nini? Hakuna wa kuja kulichukua."

Ramani akakaa chini. Hakuwa na uongo hata mmoja mfukoni. Kwa hiyo akasema kweli, kwa kukosa kingine: mama mkwe, toroli, ukoo, Jumamosi, ambayo ni leo.

Ndugu wale walicheka mpaka Mzee akaweka kikombe chini.

"Twende," akasema. "Nitakufikisha."

Nje, Ramani akaenda moja kwa moja mlango wa dereva.

"Huko kwangu," Mzee akasema.

Akazunguka upande wa pili. Kiti kilijaa matairi.

"Na huko kwao. Wewe nyuma."

Ndivyo Ramani alivyoingia kwa wakwe: amesimama nyuma ya pikapu ya bluu, amelikumbatia koleo, ukoo wote uani. Mama mkwe hakulitazama gari. Alimshika mikono, akaigeuza, akaona viganja vilivyochanika kwa saruji. Macho yake yakalegea.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo kabla, "hatimaye umepata kazi."

"Hapana, mama. Nimetapeliwa."

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli alilomwambia mama yule tangu amuoe bintiye, na ndilo pekee ambalo mama hakuliamini. Akamwekea kiti. Kisha akamwonyesha ukuta wa jikoni.

Viatu vyeupe havikurudi kwa mwenyewe. Saruji ilivishika, haitoki hata kwa patasi. Vipo chini ya kitanda changu mimi, huyo Ramani, mpaka leo. Shemeji akiwauliza, mseme hamjui.