Sindano Saba za Mzee Koikai

Jumatatu, 5 Juni 1911
Baridi ya kuvunja mifupa. Mlima Meru umejifunika wingu mpaka kiunoni. Mimi Msafiri bin Mbaruku, mtu wa Tanga, fundi cherehani wa askari wote wa boma la Arusha, leo nimefanya jambo kubwa. Au la kijinga. Bado sijajua.

Alipita Mzee Koikai, jumbe wa Waarusha wa huko juu mlimani, ameegemea bega la mwanawe Saruni. Miezi minne sasa mzee amechoka. Analala amechoka, anaamka amechoka zaidi. Anaanza neno, linamfia katikati. Aminieli, msaidizi wa dawa pale misheni, amemnywesha chumvi ya kuharisha. Sasa amechoka na anaharisha. Nikacheka. Halafu huu ulimi wangu ukasema uchovu si kitu! Kule mashambani Tanga nililala banda moja na Mchina, jina lake Akong, aliyechoma watu sindano miguuni. Mtu aliletwa kwa machela akarudi ameibeba machela mwenyewe. Saruni akauliza, je, kazi hiyo Mchina alimrithisha nani? Nani tena? Mimi!

Kweli ya Mungu: nilimshikia Akong bakuli. Na macho nilifumba.

Saruni akasema baba yake akisimama, atanipa mtamba, ng'ombe jike mchanga. Asiposimama... akautazama mkuki wake, hakumaliza. Familia hii haimalizi maneno.

Jumanne, 6 Juni
Mazoezi. Nimejichoma kidole gumba. Nikazindukia sakafuni, mke wangu Chiku ananimwagia maji. Hana adabu huyu. Eti fundi gani ameshika sindano miaka kumi, na tone moja la damu linamwangusha? Nikamwambia kanzu haina mishipa.

Kisha dawa ya kunywa. Akong alichemsha mizizi, ikinuka kama ngoma iliyolowa mvua. Mizizi gani, sijui. Nimetia tangawizi, majani ya mgomba na ugoro kidogo, iwe kali. Paka alinusa, akahama nyumba.

Mara Aminieli huyo, shati limenyooka. Akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba jumbe ndiye anayelitafutia boma watu wa kutengeneza barabara. Na kwamba atakayemuua jumbe atalazwa kifudifudi ale hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kabla ya kamba ya kunyongwa. Akanitakia heri. Mnafiki! Huku mkuki, huku kiboko, katikati fundi cherehani.

Jumatano, 7 Juni
Nimepanda mlimani. Dawa nimeimwaga njiani. Niliionja.

Kwa Mzee Koikai watu arobaini wamejaa uani. Mzee amelala juu ya ngozi. Akaniuliza kama nimeona baridi huko njiani. Uso wa upole kabisa. Nilitaka kulia.

Nikatangaza: mtu akitoa sauti, hata akikohoa tu, sindano inakwenda moyoni kwa mzee! Nililitunga hapo hapo, wasije wakasikia meno yangu yakigongana. Kimya. Mbuzi wenyewe kimya. Nikafumba macho, nikachoma. Chini ya goti. Kati ya vidole. Na mahali pengine pengine. Saba! Mzee hakushtuka. Hakusogea. Nikafumbua jicho moja. Amekufa! Nikaanza kuhesabu hatua mpaka langoni.

Ndipo akakoroma.

Jua lilipoinama nikaanza kuchomoa, moja moja. Nilipofika ya sita akafumbua macho. Akanitazama sana. Akanivuta kichwa. Akanitemea mate. Utosini! Mara mbili!

Kwetu pwani, ukitemewa mate na mzee mwenye wana wenye mikuki, hungoji maelezo. Nilikimbia. Mto nimeuvuka bila kutafuta mawe. Nimefika nyumbani nikahesabu sindano. Sita.

Alhamisi, 8 Juni
Naandika nikiwa ndani ya sanduku la nguo za askari. Saruni amekuja na morani wawili. Chiku amewaambia nimekwenda Moshi. Wakasema si neno, watangoja. Wamekaa mlangoni tangu asubuhi, na Chiku amewapa uji! Nawasikia wanacheka. Wauaji wa namna gani hawa?

Lakini kinachonila si mkuki. Ni ile ya saba. Imo mguuni mwa yule mzee aliyeniuliza habari za baridi. Pengine sasa hivi inapanda kwenda moyoni. Nimeamua. Nitatoka, niombe nikaitoe kwanza, halafu waniue. Cherehani aichukue Chiku. Aminieli asiguse hata uzi.

Baadaye. Nimetoka. Nikapiga magoti, nikasema nipelekeni kwa mzee. Saruni akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mate yale ni baraka, bwana! Mzee huyatema kwa mtoto anayempenda. Mtamba wangu amefungwa nyuma ya nyumba. Na sindano? Mama yake ameichomoa zamani, anashonea shanga, hairudishi.

Chiku alijua yote tangu asubuhi! Amesema alitaka apumzike na maneno yangu siku moja.

Nimelia. Nikasema ni moshi.

Ijumaa, 9 Juni
Nimekwenda kumwona mzee. Amesimama, anatafuna nyama! Akaniita pembeni. Akasema sindano zangu zinawasha tu. Ila miezi minne kila alfajiri boma linamtaka alete watu, na kila jioni mama zao wanakuja kulia wasichukuliwe. Katikati hapo hulala vipi? Jumatano, kwa mara ya kwanza, watu wote walinyamaza. Akalala. Anaomba nije kila wiki, nichome popote nipendapo, ila lile la kukohoa nilitangaze kwa sauti kubwa.

Maskini mzee. Wagonjwa hawajui kinachowaponya.

Jumamosi, 10 Juni
Sifa zimefika boma! Askari amekuja kusema Bwana Mkubwa, Mjerumani mwenyewe, jino linamuuma. Siku tatu hajalala, anapiga kila anayempitia mbele. Anauliza kama dawa ya Kichina inatibu meno pia.

Nilifungua kinywa nikane. Kikasema meno ndiyo kazi yangu hasa, miguu nilijifunza kwa kujifurahisha tu.

Kesho saa mbili. Aminieli amekuja kuniaga, na safari hii si unafiki, analia kweli. Lakini hebu fikiri! Mjerumani mzima, kinywa wazi, mbele ya mtu wa Tanga! Nimemtuma Chiku kwa mhunzi akaazime koleo. Amerudi nalo, na sasa anafunga mizigo.

Nimemwambia aache nafasi ya zawadi.