Ombi la Chumba Chetu Kuhesabiwa Sehemu ya Ufunguo wa Gari

Kwako Bwana Meneja wa Ujenzi,

Shikamoo. Mimi ni yule mchanganya zege mrefu unayeniita "Wewe Hapo". Natumaini u mzima, mama watoto mzima, na ufunguo wa gari unaendelea vizuri baada ya yale yaliyoupata. Sisi vibarua tulioshuhudia bado hatujatulia.

Shule niliiacha mapema. Nikikosea kwenye heshima unisamehe. Kwenye malalamiko sijakosea.

1. Jumatatu uligundua kwamba kile kijitaa cha kwenye ufunguo, kinachowaka ukibonyeza ili uone tundu la mlango, kimefifia. Ulikibonyeza na kukibonyeza, umekunja uso kama daktari juu ya mgonjwa. Kazi ikasimama. Fundi umeme aliitwa kutoka ghorofa ya juu, akashuka mbio. Mtunza stoo akafungua stoo bila kuuliza karatasi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia aliyeomba glavu. Dereva akatumwa mjini kuleta kijitaa kipya. Sina kinyongo. Kitu kikiharibika kitengenezwe.

2. Taa ya chumba chetu, sisi tunaolala nyuma ya stoo, ilikufa kabla ya mvua kuanza. Kila tukimwambia fundi umeme, anasema hana amri. Dirisha nalo lilizibwa kwa matofali ili saruji ya stoo isilowe. Tunavaa viatu kwa kupapasa. Kuna siku mwenzangu, tunayemwita Kijiko, alitoka na kiatu changu cha kulia na chake cha kushoto, tukashinda wote wawili tunachechemea, na wewe ukatuuliza kama tumelewa.

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijitaa kipya kilipowekwa, jua lilikuwa kali, haikujulikana kama kinawaka au la. Tukainua mifuko mitupu ya saruji kukutengenezea kivuli, wapi! Ndipo msimamizi akasema, "Bosi, giza la uhakika liko kwa vibarua."

Ukaingia chumbani kwetu. Tangu mradi uanze, ndiyo mara ya kwanza. Ukabonyeza, tukaona kidevu chako na kona ya kitanda changu. Ukasema, "Safi sana, hapa panafaa," ukatoka. Nilibaki nimesimama pale na fahari, Bwana Meneja, kwamba hata chumba chetu kimepata kibarua.

4. Nina binti nyumbani. Nilipoondoka alikuwa hajaota jino. Mama yake hunipigia simu ya video jioni, na lazima niipokelee chumbani, kwa kuwa nje simu haziruhusiwi, ni sheria yako mwenyewe. Mimi namwona mtoto vizuri. Yeye anaona weusi. Ameanza kuvitaja vitu: paka, kikombe, bibi. Akionyeshwa simu yenye giza tupu anasema, "Baba." Juzi alichungulia uvunguni mwa kitanda akaita, "Baba!" kwa furaha. Mama yake aliponisimulia nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

5. Kwa hiyo naomba. Siombi taa ya chumba, najua utaratibu hauruhusu. Naomba chumba kiandikwe kuwa sehemu ya ufunguo, na hivyo ya gari lako. Gari haliendi bila ufunguo, ufunguo haupendezi bila kijitaa, na kijitaa hakipimiki bila chumba chetu. Basi chumba ni kifaa cha gari, kama jeki. Kikiandikwa hivyo, fundi umeme atapata amri siku hiyohiyo.

Na sisi tulalao humo tuandikwe vipuri. Kijiko ana mgongo mbovu, yeye awe springi. Nimeona kwamba kipuri kikichakaa, dereva anatumwa mjini. Kibarua akichakaa anatumwa kwao.

Ukiona haya ni makubwa, basi kile kijitaa cha zamani kilichofifia usikitupe. Tutundikie. Binti yangu hahitaji mwanga mwingi, aione pua tu. Wanasema pua yangu ndiyo yake.

Nisalimie dereva, mtunza stoo na msimamizi. Usalimie na ufunguo. Nakomea hapa, mashine ya zege imeanza kuzunguka na jina langu linaitwa, yaani wewe hapo.

Ni mimi mtiifu wako, kipuri mtarajiwa,
Wewe Hapo,
kitanda cha karibu na mlango.

Nyongeza: Kabla sijaifikisha barua hii, fundi umeme amekuja na taa. Anasema amri umetoa wewe, kwa sababu siku ile ya kupima uligonga goti kwenye kitanda changu. Nashukuru, na pole kwa goti. Jioni nikapiga simu nyumbani, chumba kinang'aa kama duka. Binti yangu alinitazama, akaangua kilio, akakimbilia uvunguni kumtafuta baba yake. Mama yake hakulia. Aliuliza mashavu yangu nimeyaacha wapi. Kwa hiyo nafuta namba moja mpaka tano. Tafadhali fundi aje aitoe taa hii, atuwekee kile kijitaa kilichofifia, nionekane kidogo kidogo mpaka wanizoee.