Kibali cha Kubadili Kada ya Shujaa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kigoma, Ujiji na mwambao kwamba, kuanzia sasa, hakuna shujaa wa kubuni atakayeruhusiwa kuwa mganga, wala kuwa shujaa na mganga kwa pamoja, bila kibali cha maandishi cha Baraza la Bao, Drafti na Michezo ya Mezani. Katibu wa Baraza ni mimi. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu, na haina kosa hata la nukta.

Mtauliza inahusu nini. Katika ukumbi wetu pale Mwanga, vijana wanne hukutana mchana katika siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika. Elikana husimulia safari ya hatari, wenzake huwa wasafiri, na kete huamua nani apone. Kila mhusika ana karatasi yenye kada yake na daraja lake. Akifa, karatasi huchanwa. Jambo zito kama hilo lilikuwa linajiendesha lenyewe, bila hata mhuri.

Mbalamwezi hii, mhusika wa mvuvi Abdulatif, mpiga upinde aliyemlea miaka mitatu, aling'atwa na joka, mchezo ukasimama hapo. Mganga wa kundi alikuwa ameshazama mtoni. Asia, muuza dagaa sokoni, akataka shujaa wake ajifunze uganga amwokoe. Alikuja ofisini, akaniamkia vizuri, nikampa masharti.

Kwanza, barua ya kuachiliwa na mwajiri wa sasa, yaani mfalme. Akasema mfalme aliuawa tangu mwaka jana. Nikaomba cheti cha kifo. Pili, picha nne za shujaa. Alizichora usiku kucha, lakini nyuma palikuwa kijani badala ya bluu, nikazirudisha. Tatu, barua ya mtendaji wa mtaa anakoishi. Shujaa anaishi pangoni, kwa hiyo nikashauri ahame. Majibu ni ndani ya siku ishirini na moja za kazi.

"Mzee wangu, Abdulatif anarudi ziwani Jumatatu," Asia akasema. "Na joka halisubiri kikao."

"Joka nalo lilipaswa kutoa taarifa mapema," nikamjibu.

Habari zikamfikia Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Bonaventura, akaamua Jumamosi tufanye kikao rasmi palepale mezani ili aukague mchezo. Kwa kuwa hakai mtu mezani bila mhusika, akajaza karatasi yake: mfalme, jemadari na mchawi. Elikana akauliza kama ana kibali. Mwenyekiti akasema vibali ni vya wananchi.

"Sawa, Mheshimiwa. Ila kwa kanuni yenu, anayechanganya kada huanza daraja la kwanza, yaani la chini kabisa, kwa kada zote."

Joka likatokea. Mwenyekiti akaliuliza kama linamjua yeye ni nani. Elikana akarusha kete. Lilikuwa halimjui.

Sasa walikuwapo majeruhi wawili, na mganga hakuna. Mwenyekiti akaagiza faili la Asia, akatia saini bila kulisoma, nikagonga mhuri. Halafu akaweka koti lake sawa, akangoja kuponywa.

"Mganga wa daraja la kwanza anaponya mmoja tu kwa siku, na sumu ya joka haingoji kesho," Asia akasema kwa upole. Akamtazama Mwenyekiti, akamtazama Abdulatif, ambaye alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono miwili. "Kaka Abdu, inuka."

Karatasi ya Mwenyekiti ikachanwa. Akacheka kidogo, akasema twende kwenye mengineyo.

Haikuwezekana. Kikao kilikuwa rasmi na muhtasari nilikuwa nimeshauandika: saa kumi na robo, Mwenyekiti alifariki. Katiba yetu inasema kifo hukomesha uongozi. Akadai yu hai, akataka tumguse. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba marehemu hana nafasi ya kuchangia hoja.

Tukasimama dakika moja kumkumbuka. Naye alisimama, kwa mazoea.