Malalamiko Kuhusu Sahani ya Mke Wangu

Ishmael Wekesa,
Mount Druitt.
Jumatatu, 16 Februari 2026

Kwa Bi. Cherotich,
Mwenyekiti, Kamati ya Chakula,
Kanisa letu la Kiswahili, Mount Druitt.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

KUH: CHAKULA CHA BAADA YA IBADA NA MADHARA YALIYONIPATA

Naamini u mzima, na Mzee pia. Mimi nakuandikia nikiwa nimeketi wima kama askari, kwa sababu tangu jana tumbo halikubali niiname. Nimekuwa katika ushirika wetu miaka sita. Nimepanga viti, nimesugua masufuria, na sikuwahi kulalamika hata ile siku wali ulipoungua tukaambiwa ni mtindo mpya. Lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Kabla sijaendelea, hili ni siri. Mke wangu Kendi ana mimba ya wiki kumi. Hatujamwambia mtu yeyote, na tumekubaliana tusiseme mpaka wiki ya kumi na mbili ipite, apigwe picha, tuone kila kitu kiko mahali pake. Nakwambia wewe peke yako, tena kwa shida. Ukimaliza kusoma barua hii, ichane. Vipande usivitupe kwenye pipa la kanisa.

Mkunga alimpa Kendi karatasi yenye orodha ya vyakula vya kuepuka: nyama baridi za dukani, jibini laini, mayai ambayo kiini bado kinatiririka, samaki mbichi, saladi zilizotengenezwa mapema, tikiti lililokwisha kukatwa, na maini yasizidi. Kendi ni muuguzi. Aliisoma mara moja akaitia mkobani. Mimi niliitoa mkobani nikaitolea nakala tatu: moja iko kwenye friji, moja garini, na moja natembea nayo mfukoni. Mimi pia si mgeni wa mambo haya. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na nina cheti cha usalama wa chakula nilichopata baada ya mafunzo ya saa tatu kwenye kompyuta. Kwa hiyo haya yafuatayo yachukuliwe kuwa maneno ya mtaalamu.

1. Kwanza kabisa ni macho. Wewe unajua, Mama, kwamba katika ukumbi wetu sahani ya mwanamke aliyeolewa husomwa kama gazeti. Diane alikataa samaki mara moja tu, mwaka juzi, na kabla ya neema kutamkwa alikuwa ameshaahidiwa kitanda cha mtoto, kigari cha kusukuma na majina matatu ya kuchagua. Kumbe alikuwa hapendi samaki. Kwa sababu hiyo Kendi hawezi kukataa chochote. Sahani yake lazima ijae, na lazima irudi jikoni ikiwa tupu.

2. Sahani haijimalizi yenyewe. Naimaliza mimi. Utaratibu wetu ni huu: Kendi anaketi karibu na ukuta, mimi naketi upande wake wa kulia nikiwa na mgongo mpana kuelekea meza ya akina mama. Nikishamaliza sahani yangu, tunabadilishana wakati watu wanaimba. Huu ni mlo wa pili, baada ya wa kwanza, na ninyi Mungu awabariki hampakui kidogo. Sahani ya Kendi imekuwa ikijazwa kwa namna ya pekee Jumapili hizi nne zilizopita, sijui kwa nini. Nimeongeza kilo saba. Suruali ya harusi yangu haipandi tena, na ile ya kazini imefungwa kwa pini. Wiki iliyopita mama mmoja alinishika mkono kwa huruma na kuniuliza kama nyumbani napikiwa. Hiyo ni kumtukana mke wangu, na mimi sikuweza kumtetea kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

3. Saladi ya viazi ya Mama Anésie. Simchukii Mama Anésie, tunaheshimiana. Lakini saladi ile ina mayai, ina mayonezi, nayo husafiri kutoka Liverpool ya huku kwetu kwenye buti ya gari katika joto hili la kiangazi cha Februari, kisha inakaa mezani ukumbini na kutusubiri tutoke ibadani. Sheria niliyofundishwa ni kwamba chakula cha baridi kikikaa nje ya friji zaidi ya saa nne, kitupwe. Jumapili zote nne nimekwenda kuikagua kabla ya ibada: nimefungua boksi, nimefungua bakuli, nimeonja vijiko viwili vya uchunguzi, nimeandika maoni yangu. Maoni yangu ni kwamba ni tamu, na hilo ndilo linalonitia hofu.

4. Hapa sina budi kuwagusa watumishi wa Mungu. Mahubiri ya Mchungaji yamenijenga sana, lakini yana saa moja na dakika arobaini. Anapofika kwa Musa, chakula bado ni salama. Akivuka bahari, hapana. Kisha anasimama Ndugu Dieudonné kuombea chakula. Mwezi uliopita nilichomeka kipimajoto changu cha sindano ndani ya pilau wakati vichwa vimeinama. Kutoka neno lake la kwanza hadi Amina zilipita dakika kumi na moja, na pilau ikashuka kutoka nyuzi sitini na nane hadi hamsini na tisa. Chini ya sitini ni eneo la hatari. Ndugu Dieudonné aliombea pia viongozi wa dunia, na kila kiongozi alitupotezea nusu nzima ya nyuzi. Kuna mtu alifumbua macho akaniona na ile sindano. Tangu hapo nasikia inasemwa kwamba ama mimi ni mkaguzi niliyetumwa na baraza la mji, ama nina mambo mengine yasiyotajwa kanisani.

5. Nimesoma kwamba kijidudu kiitwacho listeria kinaweza kujificha mwilini hadi siku sabini kabla ya kumwangusha mtu. Hivyo nikabuni mpango: mimi naonja leo, na nikifikisha siku sabini nikiwa mzima, Kendi anakula. Ugumu ni kwamba karatasi ya mkunga inasema kiporo kisizidi siku moja kwenye friji. Nimepiga hesabu kwa njia zote. Njia iliyobaki ni akina mama wapike chakula cha jana upya, kwa mikono ileile na masufuria yaleyale, Jumapili ya tarehe 26 Aprili. Mbuzi, kama inawezekana, awe wa ukoo mmoja na yule wa jana.

6. Afya yangu mimi. Asubuhi natapika. Harufu ya vitunguu vikikaangwa siiwezi. Alhamisi nililia kazini kwa sababu bibi mmoja wa miaka tisini na moja alinipa biskuti yake. Daktari aliniuliza naona nini kimesababisha, na kwa kuwa ni siri, nikamwambia ni dini. Kendi, ambaye ndiye mwenye kichefuchefu cha haki, hutoka bafuni na kuniachia zamu, kisha anasimama nyuma yangu kunisugua mgongo. Naona aibu, Mama. Naomba walau niondolewe kwenye zamu ya kubeba viti.

7. Hili la mwisho nilitaka kuliruka. Mwaka jana, mwezi wa Julai, Kendi alikuwa na mimba ya wiki tisa ikatoka. Siku tatu kabla alikuwa amekula kuku baridi kazini, amesimama, kwa sababu hakupata nafasi ya kupasha. Daktari alituambia waziwazi kwamba si kuku, kwamba mimba nyingi changa huondoka hivyo na si kosa la mtu. Kendi alimwamini. Mimi nilimshukuru, nikamsindikiza mke wangu hadi kwenye gari, lakini sikumwamini. Nataka liwe kosa la kuku. Kuku naweza kumpima, naweza kumrudisha jikoni, naweza kumla mimi. Hilo lingine alilosema daktari, kwamba hutokea tu, silijui nilishike wapi. Kwa kuwa hatukuwa tumemwambia mtu, Jumapili iliyofuata Kendi alikuja kanisani kama kawaida na kuwamiminia watu sharubati, na mimi nikapanga viti. Naogopa sana, Mama. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Kwa sababu hizo saba naiomba Kamati yako ipitishe haya bila kutaja jina langu: mahubiri yasizidi dakika arobaini, au chakula kitangulie na mahubiri yafuate, maombi ya chakula yafanywe nyumbani na kila mtu kabla ya kuja, saladi ya viazi isimamishwe hadi mwezi wa Septemba, na Mama Anésie aelezwe kwamba ni mambo ya hali ya hewa, kila sufuria iwe na kipimajoto chake na mtu wa kukisoma kwa sauti, na wanawake wote walioolewa, bila ubaguzi, wapewe sahani zenye mifuniko zisizosomeka. Haya yakiwa mazito, naomba ushirika mzima ufunge kula Jumapili mpaka Kendi ajifungue. Nitakuwa wa kwanza kufunga, na kwa kweli nitafurahi.

Nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumapili, kwani nimesikia kuna maini.

Nisalimie Mzee na watoto, nisalimie Kamati yote, Mchungaji na mkewe, Ndugu Dieudonné ambaye sina kinyongo naye, na Mama Anésie mwambie viazi vilikuwa vimeiva vizuri.

Wako katika ushirika na katika maumivu ya tumbo,

Ishmael Wekesa

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Kendi alirudi kutoka kazini akaisoma. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na sijamwona akicheka tangu Julai. Kisha akaniambia kwamba wewe unajua. Unajua tangu wiki ya sita, alipokutapikia viatu kwenye maegesho na ukamfutia uso kwa kitambaa chako. Kwamba sahani ile inayojazwa kwa namna ya pekee umekuwa ukimpikia wewe mwenyewe kwenye jiko la ukumbi, nyama imeiva hadi mfupani, mboga imechemka, inatoka ikifuka moshi, kila kitu sawasawa na karatasi ya mkunga. Mimi ndiye niliyekuwa naila. Jumapili nne, Mama. Na Kendi akirudi nyumbani anatafuna mkate mkavu. Boksi la Mama Anésie kumbe lina barafu ndani, na mtu pekee anayeliacha wazi ni mimi na vijiko vyangu vya uchunguzi, kwa hiyo naomba nambari ya tatu uifute, na ya pili, na ukishaanza kufuta endelea tu.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nile. Alisema aliona nikila natulia.

Amesema nikutumie barua hivi hivi, ucheke na wewe. Na tumekubaliana jambo lingine. Mwaka jana hatukumwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Usiichane barua. Jumapili hii tutangazie, kabla ya maombi, hata Ndugu Dieudonné akichukua nusu saa. Wanaotaka kuja nyumbani waje. Na mimba ikiondoka tena, tafadhali, mje.