Wakala Mkuu wa Toleo Lijalo

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki: hadithi hii ni ya kweli, kuanzia utosini hadi kwenye unyayo. Sikutia chumvi, sikuzidisha maji. Aliyenisimulia ni mwongo mkubwa, hilo sikatai, lakini kudanganya ni kazi ngumu, na mwongo akichoka husema kweli. Siku ile alikuwa amechoka sana.

Mtu mwenyewe walimwita Asali, kwa sababu ya ulimi. Alikuwa na uwezo wa kumuuzia mwenye upara kitana, kisha arudi kesho yake kumuuzia mfuko wa kukitunzia. Ila wakati tunapomkuta, asali ilikuwa imekauka mzingani. Alikuwa akilala sebuleni kwa Dada Mkubwa, fundi cherehani asiye na cherehani. Cherehani yenyewe Asali alikuwa ameiweka rehani kwa mkopeshaji, apate mtaji wa dawa ya kuotesha nywele. Dawa haikuotesha kitu. Ilimng'oa nyusi mteja wa kwanza, na biashara ikafa hata haijapewa jina.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa, akishona pindo la suruali ya watu kwa sindano ya mkono, kidole kimejaa matundu. "Mwisho wa mwezi cherehani iwe imerudi kwenye kona yake. Isiporudi, godoro lako litatangulia nje, nawe utalifuata."

"Dada, mimi damu yako!"

"Damu yangu hata mbu wanayo, na siwatandikii shuka."

Asali akatoka kwenda kutafuta riziki, maana yake kutafuta mtu mwenye riziki.

Hakufika mbali. Mbele ya duka la vifaa vya umeme wanaume wawili walikuwa wamemweka kati muuzaji. Mmoja alikuwa mpima viwanja, mtu mzima mwenye kofia pana na suruali iliyochanika gotini. Wa pili alikuwa dalali wa viwanja, mwenye viatu vilivyochongoka kama midomo ya ndege. Kila mmoja ameshika GPS ya mkononi, vile vidude vinavyoongea na setilaiti vikakwambia uliposimama, hata kama ulikuwa unajua.

"Tazama hili boksi," mpima viwanja alifoka. "Picha inaonyesha kinapima eneo la kiwanja. Nimekizunguka kiwanja mpaka mbwa wa jirani amenizoea. Eneo sioni!"

"Soma kitabu chake," akasema muuzaji.

"Nimesoma! Kimeandika, kipengele hiki kitapatikana katika toleo lijalo. Toleo lijalo linakuja lini? Na kwa basi gani?"

"Mzee wangu, mimi nauza tu. Wapigie watengenezaji."

"Tumewapigia," dalali akadakia. "Wanatupigia kinanda. Kinanda kikiisha, mama mmoja anasema simu yako ni muhimu sana kwetu, kisha anarudisha kinanda."

"Sasa watengenezaji wenyewe wako wapi?" mpima akauliza, akitazama huku na huku kama vile wangeweza kuwa wamejificha nyuma ya mafriji.

Muuzaji akarudi kupanga balbu zake. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo Asali alipopata wito. Kiti cha watengenezaji kilikuwa kitupu, na yeye miguu ilikuwa inamuuma.

Alipanga kachumba juu ya fundi viatu, kwa ahadi ya kulipa. Akaazima koti jeupe kwa kinyozi. Mezani akaweka kioo cha kompyuta kisicho na kompyuta, na mlangoni akabandika karatasi: HUDUMA KWA WATEJA, INGIA KWA ZAMU. Halafu akapeleka salamu dukani kwamba watengenezaji wamefika mjini.

Mpima viwanja alikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Asali alimwona vizuri kabisa, akamwacha asimame mlangoni huku simu ikipiga kinanda. Hapo ndipo ujuzi wake ulipojulikana. Tapeli mchanga angemrukia mteja kwa tabasamu, akatiliwa shaka palepale. Asali alijua kwamba mtu asiyesubirishwa haamini kama amehudumiwa.

"Mzee wangu," akasema mwishowe, "wewe ni muhimu sana kwetu."

Mpima akashusha pumzi. "Ndio nyinyi wenyewe!"

"Ndio sisi. Tatizo lako tunalijua. Toleo lijalo liko tayari, limebaki kugawiwa, na ugawaji una foleni. Kuna foleni ya kawaida, halafu kuna foleni inayopita mbele ya foleni."

"Mimi nitie hiyo inayopita."

"Ina ada kidogo."

Kufikia mwisho wa wiki nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni inayopita mbele ya foleni, na kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumpita, Asali akalazimika kufungua nyingine ya kuipita hiyo. Walikuja waongoza watalii, walikuja bwana misitu na wachimba visima. Aliyelalamika sana alibonyezewa vitufe mpaka ule mshale wa kwenye kioo cha GPS yake ukageuka picha ya ndege. "Kipengele kipya," Asali angesema, na mteja angeshuka ngazi akijihisi rubani.

Dalali alikuja siku ambayo watu walikuwa wachache. Akafunga mlango nyuma yake.

"Bwana mkubwa, mimi eneo silihitaji sana. Nataka kipengele maalumu. Nikiwa nauza, kiwanja kikue kidogo."

"Kikue?"

"Kikue tu. Ardhi ni ya Mungu, lakini vipimo ni vyetu."

Asali akaonyesha huzuni ya mtu mwaminifu anayejaribiwa. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kifaa, akatoa mita, akaweka futi. Wakatoka barabarani, dalali akatembea kutoka mlango wa fundi viatu hadi kwenye nguzo ya umeme, akasoma namba, akapiga mluzi. Njia ileile, namba imenenepa zaidi ya mara tatu. Hakuuliza namba hiyo ni ya nini. Mtu akipewa anachokitaka, macho yake huwa na adabu sana.

Usiku wa deni ukaanza kupambazuka. Bahasha ambayo Asali aliificha chini ya kioo cha kompyuta ilivimba mpaka kioo kikainama. Asubuhi moja akaona pesa za kukomboa cherehani zimetimia. Mkopeshaji angefungua ofisi baada ya chakula cha mchana, na jioni cherehani ingekuwa kwenye kona yake. Akajikuta anapiga mluzi.

Ndipo akapanda mwanamke mwenye koti la kijivu, miwani myembamba, na sauti laini isiyo na haraka, kama ile ya kwenye simu. Chini ya kwapa alikumbatia boksi lililofungwa kwa gundi.

"Habari za kazi," alisema. "Natoka makao makuu ya watengenezaji."

Asali akatazama dirisha, akapima urefu kwa jicho, akaona hata kwa futi haulipi.

"Tunasikia una ofisi yetu hapa," mwanamke akaendelea, akipitisha kidole mezani kukagua vumbi. "Hatukumbuki kuifungua."

"Mama, naomba nieleze..."

"Hakuna haja. Tumefurahi mno. Tangu uanze, kutoka mji huu hakuna hata mtu mmoja aliyetupigia simu. Makao makuu wanauliza huyu bwana ni nani, anayewanyamazisha wateja hivi! Tumeamua uwe Wakala Mkuu."

Hebu tusimame hapa tumhurumie kidogo. Mtu mwingine yeyote mjini, hata fundi viatu wa chini, angesema, dada, kitambulisho chako kiko wapi? Asali peke yake hakuweza. Angeomba kitambulisho, naye angeombwa chake. Wakala wa bandia hana pa kushika anapomkagua bosi wake.

"Nimejitahidi tu, mama," akasema kwa unyenyekevu.

"Humu," mwanamke akapiga boksi, "mna toleo lijalo."

"Lipo kweli?"

"Unatushangaza, Wakala. Si wewe unayeligawa?"

"Aa, ndiyo! Nilikuwa nauliza kama lipo lote."

"Lote. Linapima eneo, linatunza njia, kila kitu. Utawauzia kwa bei utakayoona wewe. Sisi tunachohitaji ni dhamana tu. Ndogo, ya kuonyesha nia."

Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kioo kilichoinama.

Asali akawaza cherehani. Kwa kweli aliiwaza, nani atamnyima hata hilo? Akamwona Dada Mkubwa na kile kidole chenye matundu. Halafu akawaza mji mzima ukipanda ngazi kununua kitu ambacho, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kingekuwepo. Akajiambia kwa faida hiyo Dada atapata cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kuitazama. Akainua kioo, akatoa bahasha.

"Usifungue boksi kabla ya kutupigia upewe idhini," mwanamke akasema, akaondoka bila haraka.

Asali akapiga. Kinanda. Simu yako ni muhimu sana kwetu. Kinanda. Akasubiri mpaka sikio likamchemka, na huko chini sauti zikaanza kukusanyika. Mpima viwanja alikuwa ameshachoka kupita mbele ya watu. Dalali naye alikuja mbio, kiatu kimoja hana, kwa sababu mnunuzi wake alikuwa amekwenda kiwanjani na futi kamba.

"Asali! Teremka utuhudumie!"

Akachana boksi kwa meno. Ndani hamkuwa na toleo lijalo wala lililopita. Mlijaa mabaki ya vitambaa. Akaokota kimoja, cha maua ya njano, akakikodolea macho: ndilo pazia la sebuleni anakolala.

Aliruka dirishani, urefu usiwe hoja tena, akaangukia lundo la viatu vibovu. Alipofika nyumbani akichechemea, alisikia kabla hajaona: tra-tra-tra-tra. Cherehani ilikuwa kwenye kona yake. Mwanamke wa makao makuu alikaa kando akinywa chai, miwani mezani, na Dada Mkubwa alikuwa anarudisha pindo la lile koti kabla mteja mwenye koti hajalifuata.

"Karibu, Wakala Mkuu," alisema Dada bila kuinua kichwa. "Mpima viwanja ndiye aliyeleta suruali yake hapa, akanisifia mtu mwenye ulimi mtamu anayeuza foleni. Nikajua mji huu hauna ndimi mbili za namna hiyo."

"Dada, mmeniibia!"

"Tumekuibia nini? Hebu sema kwa sauti, majirani wasikie na wao."

Asali akarudisha mlango. "Na godoro langu?"

"Godoro liko ndani. Mwenye matatizo ni wewe, maana wateja wako nimewatumia salamu waje hapa."

"Waje hapa! Wataniua!"

"Hawatakuua. Kaa kwenye kiti." Akamsukumia yale mabaki mengine ya vitambaa. "Kila mmoja utamshonea mfuko wa kuvalia kidude chake shingoni, wenye zipu. Mpaka leo hakuna aliyepata kitu kutoka kwa watengenezaji, wataupokea kwa machozi. Kanyaga!"

Akakanyaga. Mpima viwanja aliuvaa wake hapohapo, akasema sasa ndiyo huduma.

Mara ya kwanza nilipoisimulia hadithi hii ilikuwa kwenye kibanda cha chai, watu wamejaa benchi, na nilipofika hapa nikasubiri vicheko. Badala yake mama wa chai akatua birika.

"Koti halikuwa la kijivu, babu. Lilikuwa la buluu."

"Wewe umejuaje?"

"Lilinibana kwapani siku nzima, nisijue? Na hakuruka dirishani. Alishuka kwa ngazi analia, nikampisha mimi mwenyewe. Si uliapa hapa kwa meno?"

Benchi zima likanigeukia. Nikaingiza mkono mfukoni, nikawalipia chai wote, na yeye akajimiminia kikombe kikubwa kuliko vyote.