Mbuzi wa Nadhiri na Mguu Usiopona Sawasawa

Kwa Mheshimiwa Padri Anselmo,
Kaburini kwako,
Sengulam.

Mpendwa Padri,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPONYAJI WA MGUU WA KUSHOTO

Salamu kwanza. Watu huandika "natumaini hujambo", lakini wewe umelala hapo miaka mia mbili na kumi, na sijui niulize vipi bila kukukosea adabu. Mimi sijambo, isipokuwa mguu.

Utakumbuka kwamba mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye mlingoti nikifunga bendera ya sikukuu yako mwenyewe, jambo ambalo silitaji kama lawama. Daktari alisema sitakanyaga cherehani tena. Mke wangu Lurdammal akaja kwako, akapiga magoti mchangani, akaweka nadhiri: nikipona, tutakuletea mbuzi dume siku ya sikukuu, achinjwe uani kwako, apikwe na wali, maskini na kila mpita njia wapate kula. Mimi sikuulizwa. Mbuzi alinunuliwa wiki hiyohiyo, mdogo kama paka, akafungwa kwenye tendegu la kitanda changu.

Sikukuu ni keshokutwa. Kwa unyenyekevu mkubwa naona nadhiri hiyo haijaiva, kwa sababu zifuatazo:

1. Uponyaji haujakamilika. Mvua ikikaribia, goti linalalamika. Pia mguu hufa ganzi wakati wa mahubiri, ingawa Lurdammal anasema wa kulia nao hufanya hivyo.

2. Haijathibitishwa nani aliyeponya. Hatua zangu za kwanza nilizipiga nikimfukuza huyo mbuzi, akiwa na blauzi ya mteja mdomoni. Sisemi ni yeye aliyeniponya. Nasema uchunguzi ufanyike kabla mhusika hajaliwa.

3. Nilikatazwa kumpa jina, maana mbuzi wa nadhiri hapewi jina. Nikatii. Namwita Wewe. Sasa nikiita "wewe" uani, anakuja yeye kabla ya mke wangu, na mara nyingi kwa uso mzuri zaidi.

4. Mlangoni kwako wanauza vipande vya bati vya kutundika kaburini: mguu, jicho, nyumba, mtoto mchanga. Mwenye mguu mbovu haambiwi aukate aulete. Analeta wa bati, nawe unapokea. Kwa nini mbuzi peke yake adaiwe akiwa na nyama zake? Nimeulizia mbuzi wa bati kwa wauzaji wote, hawana, na huo ni uzembe wa uongozi. Niko tayari kumkata mmoja kwa mkasi wangu wa kazi, tena mnene kuliko huyu.

5. Ukilikataa hilo, basi rudisha mambo yalivyokuwa. Chukua mguu. Nitashona kwa mkono.

Hilo la tano nilimsomea Lurdammal. Aliweka bakuli chini.

"Baba Selvi," akasema, "wewe ulikuwa umelala tu. Mimi ndiye niliyekuwa nakugeuza, nakuosha, halafu naenda kulia jikoni usinisikie. Mguu nimwombe, mbuzi nimnyime? Akiuchukua tena, nguvu za mara ya pili nitazitoa wapi?"

Ana hofu ya kweli, Padri, na hofu yake inaniuma kuliko goti. Ndiyo maana nabishana na wewe, si na yeye.

Basi naomba ishara kabla ya sikukuu. Ishara yoyote itatosha, mradi isiwe ya mguuni.

Nisalimie watakatifu wote mlio nao huko, na yule bruda aliyezikwa ubavuni mwako. Mama yangu mwambie mjukuu wake Selvi amejifungua salama, mtoto wa kike.

Wako mtiifu, ambaye bado ni mgonjwa,
Rayappan, fundi cherehani,
Karisalpatti.

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe leo. Niliogopa ikipitia posta itachelewa. Wewe alikataa kubaki nyumbani, na kondakta akakataa kumpakia, kwa hiyo tumetembea kilomita thelathini na moja tangu alfajiri. Sita za mwisho alichoka, nikambeba mabegani, na ngazi zako nikazipanda mbilimbili kuwahi sanduku la maombi kabla halijafungwa. Sasa nimekaa uani kwako na kalamu, natafuta panapouma nikuonyeshe. Sipaoni. Asante kwa mguu, Padri. Lurdammal anafika kesho na sufuria.