Aber Asiteleze

Jumanne, 4 Machi 1975

Wewe Mwalimu Sulaimani, huna akili. Mtu mzima, umesoma mpaka chuo, halafu unamfundisha mtoto wa watu kujitupa chini kama kuku aliyechinjwa. Nayaandika haya leo ili kesho nikisimama mbele yako nisiyasahau.

Aber, mjukuu wangu, amerudi na gauni limechanika ubavuni na goti jekundu. Anasema ni raunda, ule mchezo wa shuleni wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Siku hizi, anasema, ukikaribia kituo unateleza kwa matako, miguu mbele. Gauni lile alinunua baba yake. Huyo Otim, mwanangu, aliitwa kazini mwaka jana, hajarudi. Siulizi. Hapa Kampala wanaouliza nao huitwa. Kitambaa madukani hakuna, sabuni hakuna. Na Aber mwingine hakuna.

Nimemwambia akiteleza tena nitamfunga kamba kitandani. Amesema ndiyo, bibi. Amesema upesi mno.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda shuleni. Nimemwambia Mwalimu yote, isipokuwa ile ya kuku, kwa sababu aliniita Jaja, yaani bibi kwa Kiganda, na kunipa kiti chake. Anasema mwezi uliopita wasichana wawili waligongana kituoni, mmoja akang'oka jino. Sasa anataka sheria. Mkimbiaji akimkuta mwenzake kituoni na mpira, ateleze au apite pembeni, asimgonge. Kutanguliza kichwa, marufuku. Lakini wazazi wengine wananung'unika, basi Ijumaa tutakutana uwanjani. Amesema tutapiga kula.

Nimesikia vizuri kabisa. Mtu anayekula ana njaa. Mtu anayepiga kula, huyo ana njaa ya miezi.

Mpango umenijia kabla sijavuka lango. Nitawalisha. Mtu aliyeshiba kwa mkono wangu atanipinga kwa mdomo gani? Wakilamba vidole nitasema: mtoto asiteleze. Kwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Pélagie jirani yangu, yule fundi cherehani Mkongo, anasema kuteleza ni kuzuri. Mjukuu wake Kahambu naye hucheza. Nimemwambia bila shaka ni kuzuri, kila anayeteleza anamletea kiraka cha kushona. Amesema boo yangu, ile mboga yetu ya majani, huwa na chumvi kama machozi. Nimeisifu cherehani yake. Nilikuwa nimekuja kuazima sufuria yake kubwa.

Amenipa. Amesema, Mama Otim, usiiunguze. Majirani wengine siku hizi huniita bibi tu, jina lile linawatisha. Yeye hulitaja kwa sauti ya sokoni, mlango wazi. Mwanamke mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu.

Nimepika boo kwa simsim ya kusaga ya mwisho niliyokuwa nayo, na ugali wa wimbi. Nimebeba kichwani mpaka uwanjani. Wazazi wamekaa kwenye nyasi. Mwalimu akaanza hotuba, na hotuba za Mwalimu hazina mlango wa kutokea, basi mimi nikafunua sufuria. Harufu ikatoka. Nikauliza nani anataka. Mikono ikapanda yote. Mzee Okeny aliinua miwili.

Mwalimu naye wakati uleule alikuwa ameuliza nani anataka watoto wateleze. Akahesabu. Akatushukuru kwa umoja wetu.

Waganda hawa, r wanaitafuna mpaka inatoka l. Alikuwa anasema kura. Lakini mimi ningejuaje? Tangu jeshi lishike nchi hii sijasikia mtu ameulizwa kura ya kitu chochote. Nani angefikiri imejificha kwenye raunda.

Pélagie ameniambia aksanti, Mama Otim, umetushindia. Akaomba boo tena. Hakutaja chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Mechi na watoto wa Ggaba. Nilikwenda kumrudisha Aber nyumbani. Nilichelewa, alikuwa ameshapiga mpira.

Akapita kituo cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne palikuwa na msichana mkubwa kama kabati, mpira mkononi. Nikasimama nimwite. Aber akashuka, miguu mbele, vumbi likawafunika wote wawili. Lilipotulia, mguu wake ulikuwa umegusa kituo na yule kabati alikuwa anashangaa hewa. Hakuna aliyegongwa. Gauni limechanika upande wa pili.

Mtoto alibaki pale chini anacheka. Ni kicheko cha Otim, kinaanzia puani. Tangu mwaka jana hakijasikika nyumbani kwangu. Nilidhani kiliondoka naye.

Pélagie alinishika mkono, au mimi nilimshika yeye. Nimemwambia aniache, ni vumbi la macho.

Aber anasema Jumatano atateleza tena. Nimekaa nimefikiri. Mtoto hana kosa. Mwalimu, kidogo. Mwenye kosa ni ardhi, ngumu kupita kiasi. Sheria imesema juu ya miguu na juu ya kichwa. Juu ya maranda ya mbao haikusema neno.

Basi, Aber, acha kucheka mbele ya kioo ukatafute gunia. Kesho alfajiri twende kwa maseremala wa Nakawa, tulijaze maranda, tukayamwage kituo cha nne, chetu tu, kabla Mwalimu hajatoka msikitini. Na Pélagie asijue.